Shoga yangu anasema mpira ulikula ada ya mtoto

Shikamoo Anti,

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro mjini, nina miaka 34. Huu ni mwaka wa sita tumepanga fremu moja na shoga yangu, ambaye humu nitamwita Mama Zuu ingawa si jina lake. Yeye anashona sare za shule na mapazia, mimi magauni ya sendoff na vitenge. Tumeuguzana, tumezikiana, na nilipojifungua wa pili yeye ndiye aliyenikanda. Anti, hatujawahi kukosana kwa jambo la maana. Kinachotutia maneno ni mpira.

Mpira nimekua nao. Marehemu baba alikuwa akisikiliza matangazo redioni mimi nimekaa gotini kwake, likiingia bao ananirusha juu. Ila Simba na Yanga hazinikoseshi usingizi. Ugonjwa wangu mimi ni timu za taifa. Ikifika AFCON au Kombe la Dunia nguo za wateja zinachelewa, hilo nakiri, na nchi ambayo hata kwenye ramani siwezi kuionyesha nitakutajia kocha wake.

Mama Zuu hataki hata kusikia. Kwake yeye ni wanaume 22 wanagombea mpira mmoja, si kila mtu anunuliwe wake wakae kwa amani? Wanalipwa mabilioni, anasema, na yeye akipinda sketi 40 za shule hapati hela ya gunia la mkaa. Halafu kelele. Halafu wanaume wanaorudi nyumbani na hasira za kufungwa na watu wasiowajua. Kukaa mbele ya TV anaweza sana, tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili haimpiti hata moja, ila ikifika taarifa ya michezo anachukua rimoti.

Nimejaribu. Nilimnunulia jezi ya Taifa Stars, akanishukuru vizuri tu, kesho yake nikaikuta imefunika cherehani. Desemba iliyopita, ile mechi yetu na Tunisia kule Morocco, nikamburuta hadi kibanda umiza cha jirani na kiingilio nikamlipia. Nikakaa ubavuni kwake namweleza kila kitu: huyu ni namba sita, pale ameotea, ile si kona ni goli kiki. Yeye kaziba masikio kwa ncha za mtandio. Kijana mmoja nyuma yetu akaruka, juisi yote ikatuishia sisi. Tukafungwa kwa penalti karibu na mapumziko, na mapumziko yalipofika akanyanyuka, eti kaacha maharage jikoni. Kipindi cha pili hakijamaliza hata dakika tano Feisal Salum akasawazisha. Kibanda kililipuka, Anti! Sare ile ikatupeleka 16 bora, kitu ambacho hatujawahi kukipata tangu tuanze kwenda AFCON, na shoga yangu yuko nyumbani anakoroga maharage. Niliumia utafikiri nimefungwa mimi.

Baada ya hapo nikawa namtumia maelezo WhatsApp, hadi mchoro wa kuotea nilimchorea kwenye karatasi ya patani. Wiki mbili zilizopita ndipo akanijia juu: “Mpira ulikula ada ya Zuu, halafu wewe unataka nikae niuangalie?” Ni kweli, aliyekuwa mumewe alikuwa mtu wa mikeka ya kubeti na mambo yalifika pabaya. Lakini hiyo ni zamani, wameachana mwaka wa nne sasa, na mimi siye yule mwanaume. Mimi hata nikibeti ni jero tu, ya kuchangamsha mechi.

Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni. TV ninayo, king'amuzi kimelipiwa, mume wangu ni dereva wa malori na mwezi huo wote atakuwa njia ya Lubumbashi, watoto saa 3 wamelala. Mechi ya saa 7 usiku ukiiangalia peke yako hata bao halina ladha, unashangilia, ukinyamaza unasikia friji tu. Natamani niwe na mtu, na mtu mwenyewe ni huyu. Nimshawishi vipi?

Mshona Magauni, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, maana jezi ya taifa kugeuzwa kifuniko cha cherehani si jambo la kila siku. Ya pili nikachukua kalamu nikapiga mstari chini ya neno moja: jero.

Wewe unaliona dogo. Mwanamke ambaye ada ya mwanawe iliishia kwenye mikeka halioni dogo, kwa sababu yule bwana naye hakuanza na laki. Alianza na jero, ya kuchangamsha mechi. Mama Zuu anakuona umeinamia simu dakika tano kabla ya mpira kuanza, unabonyeza, unahesabu, na ile sura anaijua, ameishi nayo nyumba moja. Umwambie mara ngapi kwamba wewe siye yule mwanaume, macho yake yanaona mkao uleule.

Kwa hiyo hili la kwanza sitalijadili na wewe. Funga hiyo akaunti ya kubeti. Usifunge kwa maonyesho halafu ufungue nyingine kwa laini ya mtoto, funga kweli. Kisha siku moja mkiwa mnakata vitambaa mwambie, kwa maneno machache, na umwombe radhi kwa kuona kwamba yaliyomfika ni ya zamani. Mtoto akisharudishwa nyumbani kutoka getini kwa ajili ya ada, mama yake anakumbuka hadi sweta aliyokuwa amevaa asubuhi ile.

Nilisema nimepiga mstari neno moja, kumbe ni mawili. La pili liko mwisho wa barua: friji. Shoga yako amesikia kwako habari za namba sita, za kona na goli kiki, na mchoro kachorewa. Je, amewahi kusikia kwamba mumeo akiwa safarini unakaa peke yako usiku wa manane unasikiliza friji? Mimi nadhani hujamwambia. Umekuwa ukimtembezea mpira kama machinga anayetembeza saa kwa mtu aliyekwisha kusema hataki saa, na kila akikataa unaongeza maelezo ya saa. Acha kuuza. Mwambie unahitaji mtu wa kukaa naye. Hilo ni ombi la shoga kwa shoga, na mtu aliyekukanda ukiwa mzazi halimshindi. Akija, amekuja kwako. Mpira utakuwa unapita mbele yake, autazame au asiutazame atajua mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe sikuingia kwenye mpira kwa mlango wa mpira.

Mwaka 2012 nilikuwa Tunduma, nauza mitumba ya watoto. Anayeijua Tunduma anajua kwamba mpaka pale ni kama mtaro wa barabarani tu: huku Tanzania, kule Nakonde, Zambia, asubuhi unanunua nyanya kwa shilingi na jioni unanunua kitu kingine kwa kwacha. Mshirika wangu katika biashara alikuwa mama mmoja wa Nakonde, Mnyamwanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu na sijawahi kuangalia mechi hadi mwisho. Mume wangu alikuwa amejaribu miaka yote kunieleza, kama wewe na karatasi yako ya patani, mwisho nikamwachia yeye na redio yake.

Jumapili moja, tarehe 12 Februari, yule mama akaja kulala kwangu kwa kuwa TV yake ilikuwa imeungua. Mimi natandika kitanda, yeye ananiambia kaa kwanza nikusimulie. Nikajua hapa nitaambiwa nani anacheza wapi. Hakuniambia hayo. Alinisimulia habari ya ndege.

Tarehe 27 Aprili 1993 timu ya taifa ya Zambia ilikuwa safarini kwenda Senegal, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ndani ya ndege ya jeshi. Ndege ikatua Libreville, Gabon, kujaza mafuta. Ilipopaa tena haikufika mbali, ikaanguka baharini. Walikuwemo watu 30, kati yao wachezaji 18, na hakupona hata mmoja. Nyota wao mkubwa, Kalusha Bwalya, hakuwemo kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na alipangiwa kusafiri kutokea huko. Mama yule wakati huo alikuwa binti. Alikumbuka redio ikitaja majina, na baba yake akiwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, hakukivaa hadi majina yakaisha.

Akaniuliza: sasa unajua fainali ya leo inachezwa wapi? Libreville. Mji uleule, kando ya bahari ileile. Miaka 19 imepita, Zambia imefika fainali ya AFCON, kombe ambalo haijawahi kulichukua, na wachezaji walipofika mji ule walikwenda kwanza ufukweni kuwawekea wenzao maua. Na Kalusha, yule aliyebaki, sasa ndiye rais wa chama cha soka cha Zambia.

Kitanda nikakiacha, nikakaa.

Upande wa pili ni Ivory Coast ya kina Drogba na ndugu wawili wa Touré, watu ambao hata mimi nilikuwa nimeyasikia majina yao. Beki wa Zambia, Joseph Musonda, akaumia mapema, akatoka analia. Kipindi cha pili Ivory Coast wakapata penalti, Drogba akaipaisha. Dakika 120 zikaisha bila bao, wakaenda kwenye matuta. Wachezaji wa Zambia wamepiga magoti katikati ya uwanja wanaimba, na mwenzangu naye kapiga magoti kwenye mkeka wangu (wa ukindu, si hiyo yenu). Kila timu ilipiga mara tisa. Kolo Touré akakosa, mmoja wa Zambia akakosa, Gervinho akakosa, halafu Stoppila Sunzu akaenda akafunga. 8–7. Ilikuwa yapata saa 7 usiku, na kelele zilizotoka ng'ambo ya Nakonde sijazisikia tena maishani: masufuria, honi za malori yaliyokuwa kwenye foleni ya mpaka, mbwa wote wa wilaya. Kwenye TV kocha wao, Mfaransa mmoja wa shati jeupe, Hervé Renard, akambeba Musonda mikononi kama mtoto mchanga akampeleka kwa wenzake. Nilikuwa nalia, mwanangu, na sikuwa najua hata kuotea ni nini. Kuotea nilikuja kukuelewa miaka miwili baadaye, na sikupungukiwa na kitu.

Basi ndiyo dawa yenyewe hiyo, kama unaitaka kwa ufupi. Wewe umempa shoga yako namba, hujampa mtu. Mwanamke anayejua nani alimficha mtoto wa nani katika tamthilia ya sehemu mia mbili hashindwi kufuata mashindano ya wiki tano, ila lazima pawe na mtu wa kumfuata. Mpira wa timu za taifa umejaa watu hao kuliko mpira wowote, na sababu yake ni rahisi. Klabu ikikosa beki wa kushoto inafungua pochi. Simba akitaka Mkongo anamleta, Yanga naye akitaka Mburkinabe anamleta. Nchi haina dirisha la usajili. Inacheza na watoto iliowazaa, au waliozaliwa na watu wake walikohamia, na kama mwaka huu kizazi hakina mfungaji basi mtakwenda hivyohivyo bila mfungaji. Kuna kitu cha kifamilia hapo, cha kula kilichopo, na mtu aliyelea watoto peke yake atakielewa kabla yako.

Sasa mechi. Hapa usikurupuke, maana mechi ya kwanza mbaya itakufungia mlango kwa miaka. Usimwanzishie mechi ya saa 10 alfajiri, na zitakuwepo nyingi, kwa kuwa mashindano yako Marekani, Kanada na Meksiko na saa zao ziko nyuma yetu sana. Usianze na fainali, mtu hajui yeyote pale. Na Tanzania hatumo, kwa hiyo huwezi kumvuta kwa bendera.

Mimi ningeanza na Cape Verde. Wanacheza na Hispania tarehe 15 Juni mjini Atlanta, kwetu itakuwa saa 1 usiku, mmeshafunga fremu na chakula kiko jikoni. Cape Verde ni visiwa kumi kwenye bahari ya Atlantiki, upande wa Senegal. Watu wake wote hawafiki 600,000, wakati Mkoa wa Morogoro peke yake kwa sensa ya 2022 umepita milioni 3. Walipata uhuru kutoka kwa Wareno mwaka 1975, na Oktoba 2025, katika mwaka wa 50 wa uhuru, wakaifunga Eswatini 3–0 nyumbani kwao Praia na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ziko nchi ndogo kuliko hiyo mwaka huu, Curaçao kwa mfano, lakini hawa ni Waafrika wenzetu na wana Pico Lopes.

Huyu Pico ndiye utakayemsimulia Mama Zuu, hata kabla ya siku yenyewe. Ni beki. Jina lake ni Roberto Lopes, amezaliwa na kukulia Dublin, Ireland, mama Mwairishi, baba wa Cape Verde. Aliwahi kufanya kazi benki huku akicheza ligi ya huko kwao, ligi ambayo wachambuzi wetu hata hawaitaji. Siku moja akapata ujumbe LinkedIn, ule mtandao wa watu wa maofisini wanaotafuta kazi, kwa Kireno ambacho hakijui. Akadhani ni matapeli, akauacha. Ikapita miezi. Mtu yuleyule akaandika tena, safari hii kwa Kiingereza, na kumbe alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Cape Verde anamuuliza kama angependa kuichezea nchi ya baba yake. Mwanangu, wewe ukipata ujumbe kwa lugha usiyoijua kwamba unaitwa na taifa, si unafuta? Mwambie shoga yako kisa hicho mkiwa mnapiga pasi, halafu nyamaza. Usiongeze “kwa hiyo tuangalie”. Nyamaza kabisa. Kama nawajua wanawake wa cherehani, kabla ya saa sita mchana atakuuliza: ikawaje?

Hispania ni mabingwa wa Ulaya wa 2024, kwa hiyo Cape Verde huenda wakapigwa nyingi. Mwambie mapema. Mtu akijua kwamba wadogo wanatarajiwa kufungwa, kila dakika inayopita bila bao inakuwa ya kwake. Usimdanganye kwamba atashuhudia maajabu.

Siku hiyo nyumbani pasiwe na mwanaume hata mmoja, hata shemeji yako anayekuja kuomba chaja. Sauti ya TV iwe ya kiasi. Pika kitu kinachochukua muda kuliwa, dagaa na ugali si vya mpira, ila ndizi za kukaanga, mihogo, mshikaki wa kujichomea wenyewe barazani wakati wa mapumziko. Na mwambie aje na kazi ya mkono. Hili nalitilia mkazo, kwa sababu fundi aliyekaa dakika 90 mikono mitupu anahesabu hasara. Aje na vifungo vya mashati ya shule na lupindo za sketi. Mpira unaruhusu, macho yanainuka kelele zikipanda tu. Mimi hadi leo nachambua mchele kwenye mechi.

Wewe sasa, kazi yako kubwa ni kufunga mdomo. Utaona kosa la refa, utaona mtu kaotea, ulimi utakuwasha. Meza. Akiuliza mwenyewe “mbona wamelikataa bao?”, mjibu kwa pumzi moja: hairuhusiwi kwenda kuusubiria mpira nyuma ya mabeki wao. Basi. Habari za beki wa pili kutoka mwisho na bega limezidi kwa nusu inchi mwachie refa na VAR yake. Akitaka kujua kwa nini yule kijana analia, hapo ndipo pa kuzungumza hadi mapumziko.

Lile la mishahara usibishane naye hata kidogo, ana haki. Ni hela nyingi kupita akili, na sketi 40 zinapaswa kununua gunia la mkaa. Lile la kelele na la wanaume wenye hasira pia ana haki. Umekuwa ukiyajibu kama vile ni visingizio, na mtu ambaye maneno yake ya kweli yanaitwa visingizio anazidi kuyashikilia. Mwambie “hapo umesema kweli” uone atakavyopungua nguvu za kubishana. Mimi mwenyewe napenda mpira na siwezi kukaa kwenye kibanda umiza, wala hukupaswa kumpeleka kule mara ya kwanza. Yule aliyemwagiwa juisi na kurudi kwenye maharage alifanya jambo la busara.

Mechi ikiisha usimuulize kama amependa. Msindikize hadi nyumbani kwake, ongeeni ya Zuu. Siku mbili tatu baadaye unaweza kumtumia video fupi ya Sofiane Boufal akicheza na mama yake uwanjani Qatar, Desemba 2022, Morocco walipoitoa Ureno wakawa Waafrika wa kwanza kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mama wa watu kashuka uwanjani na hijabu yake, wanacheza na mwanawe katikati ya nyasi kana kwamba ni ukumbi wa harusi. Tuma bila maneno. Ya Ghana 2010, ule mkono wa Suárez na penalti ya Gyan iliyogonga mwamba, usimpelekee kwanza. Hiyo hata mimi naogopa kuiangalia.

Na akija mara moja tu, akala mihogo, akamaliza vifungo, akasema asante shoga lakini mimi huu mpira hapana? Utakuwa umepata jioni moja na mtu wako, na friji haikusikika. Usimfungulie kesi ya rufaa. Kuna mama mwenzake wa mapazia pale sokoni, kuna binti wa jirani, kuna na mimi ukitaka, namba yangu wahariri wanayo, nami usiku silali mapema siku hizi. Kwa mechi za saa 7 mngeweza hata kupigiana simu na mumeo huko njiani, madereva wa Lubumbashi wanajua kila kibanda chenye TV hadi Kasumbalesa. Umeshamuuliza? Katika barua yako yote yeye umemtaja kwa lori tu.

Jezi iache palepale ilipo, usiidai wala usiitanie. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu pamoja na Kenya na Uganda, na kutoka Morogoro hadi Dar kwa treni ya SGR siku hizi hata karanga hazijaisha umefika. Akija kutaka kuivaa siku hiyo itakuwa na madoa ya mafuta ya cherehani mgongoni. Nyie mafundi mnajua yanatokaje, mimi yamenishinda.